Kula Chumvi na Mwenzako wa Darasani



Somo letu la leo linahusu mtu wa kawaida kabisa: yule unayekaa naye dawati moja. Nawaandikia wote, ila nawawazia zaidi ninyi mnaosoma mahali ambapo Wakatoliki ni wachache, kama hapa Mafia.

Kwa asiyekijua kisiwa hiki: kiko mkoa wa Pwani, na watu wengi wanaotoka bara huvuka kwa boti kutoka Nyamisati mpaka Kilindoni. Wenyeji wake karibu wote ni Waislamu. Sisi Wakatoliki wengi wetu ni watu wa kuja. Kuna mtoto wa mwalimu, wa nesi, wa askari, kuna mtumishi aliyehamishwa juzi tu na bado hajazoea upepo wa bahari. Jumapili kanisani utasikia lafudhi za Kagera, Kilimanjaro, Mwanza na Rukwa. Jumatatu darasani mko watatu au wanne, basi.

Sasa swali: huyo wa dawati moja, unamjua?

DAWATI MOJA, DUNIA MBILI

Kipindi cha dini kikifika tunagawanyika. Waislamu wanakwenda kwa ustadhi, sisi tunakwenda kwa katekista au kwenye TYCS, na Wakristo wa madhehebu mengine wanakwenda kwao. Hiyo ni sawa kabisa. Kila mtu ana haki ya kufundishwa imani yake. Tatizo linakuja kengele ikishalia. Kipindi kimeisha, lakini mgawanyiko tunaendelea nao: kwenye foleni ya chakula, kwenye makundi ya kujisomea, bwenini, mpaka kwenye kundi la WhatsApp. Wa bara na wa bara, wa pwani na wa pwani.

Na kila upande una maneno yake. Eti wa pwani ni wavivu, wanajua ngoma tu. Eti wa bara ni washamba, hata kusalimia hawajui. Tunacheka, siku zinakwenda. Miaka minne inaisha, mtihani wa kidato cha nne unapita, mnaagana, na hujui baba wa mwenzako anafanya kazi gani wala kijiji chao kiko wapi.

Hamkugombana hata siku moja. Ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba kuna tatizo.

MASIMULIZI YA KUA NA KISIMANI

Kwenye kisiwa cha Juani, jirani kabisa na Chole, kuna magofu ya mji wa kale unaoitwa Kua. Misikiti imebomoka, nyumba za mawe zimeingiliwa na miti. Upande wa pili, kusini-magharibi mwa kisiwa kikubwa, kulikuwa na mji mwingine, Kisimani Mafia, ambao sehemu yake kubwa imeliwa na bahari. Miji hii miwili ilikuwa jirani, watu wake dini moja. Na wazee wana masimulizi juu yake.

Wanasema watu wa Kisimani waliunda chombo kikubwa, wakawaalika watu wa Kua waje kwenye sherehe ya kukishusha majini. Wageni wakaja na watoto wao. Katikati ya sherehe, wenyeji wakawakamata watoto wa wageni, wakawalaza mchangani, na chombo kikasukumwa baharini kikipita juu yao.

Watu wa Kua hawakulipiza siku ile. Walisubiri miaka. Kisha nao wakawaalika watu wa Kisimani kwenye arusi. Wageni wakaingizwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, wakakaribishwa vizuri. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja kimyakimya, akabaki mzee mmoja tu akiwachangamsha wageni kwa mazungumzo. Alivyokuwa anazungumza, mlango ulikuwa unazibwa kwa mawe. Hakutoka mtu, hata huyo mzee.

Haya ni masimulizi. Siwezi kukuambia yalitokea hivyo neno kwa neno. Lakini hebu angalia silaha iliyotumika humo. Hakuna upanga wala mkuki. Silaha ilikuwa mwaliko. Kwanza sherehe, halafu arusi. Baada ya hapo, nani tena angekubali kuitwa na jirani yake?

Tusidhani ni mambo ya zamani tu. Oktoba 2012 kule Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili, mmoja Mkristo na mmoja Mwislamu, walibishana kuhusu msahafu. Ubishi wa watoto. Ukaishia kwenye kuudhalilisha msahafu, na baada ya siku chache makanisa yakashambuliwa na mengine kuchomwa moto. Miezi minne baadaye, Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa nani achinje mnyama ulimaliza uhai wa mchungaji mmoja. Nchi yetu ina amani, tumshukuru Mungu. Lakini amani hiyo siyo kama mnazi, kwamba ukishapandwa unajizalia wenyewe miaka na miaka. Ni kama mashua ya mbao: usipoiziba nyufa mara kwa mara, inaingiza maji.

Na hofu kati ya watu wa asili mbili haiondolewi na hotuba ya mgeni rasmi. Inaondoka mtu anapokubali kuitwa, akaenda, akala, akarudi nyumbani salama. Halafu akaenda tena.

YESU ANAOMBA MAJI

Tufungue Injili ya Yohane sura ya 4. Yesu amechoka, amekaa kisimani kule Samaria, saa sita mchana. Wayahudi na Wasamaria hawakuwa na ushirika, hata chombo cha kunywea hawakuchangia. Anakuja mwanamke wa pale kuteka maji. Je, Yesu anaanza na nini? Hamhubirii kwanza. Hamsaidii kubeba mtungi. Anamwomba maji ya kunywa. Mwana wa Mungu anaanza kama mwenye shida. Mazungumzo mazito juu ya ibada ya kweli na maji ya uzima yanakuja baadaye, baada ya ombi hilo dogo. Na ukisoma mpaka aya ya 40 utaona kwamba Wasamaria walimsihi akae kwao, naye akakaa siku mbili. Siku mbili ni chakula chao, mikeka yao, hadithi zao.

Nenda Luka sura ya 10. Yesu anawatuma wale wafuasi sabini na wawili, anawaambia wakipokelewa katika nyumba wakae humohumo, wale kile watakachopewa. Hakuwapa bajeti ya kuwalisha wenyeji. Aliwatuma mikono mitupu, walishwe. Sura hiyohiyo ina Msamaria Mwema. Sisi tukiisoma tunajiweka kwenye nafasi ya yule Msamaria, mtu mwema anayesaidia. Jaribu siku moja kujiweka kwenye nafasi ya yule aliyelala barabarani. Msaada wake umetoka kwa mtu ambaye kwao walimdharau, na asingeukubali angekufa.

Halafu Matendo ya Mitume sura ya 10. Petro anaingia nyumbani kwa Kornelio, askari wa Kirumi, jambo ambalo Myahudi wa wakati ule hakulizoea. Naye akaombwa akae kwao siku kadhaa.

Vijana, hapa ndipo penye moyo wa somo hili. Tumezoea kuambiwa: wakaribishe wengine, wasaidie, wape. Ni vizuri. Lakini anayetoa siku zote anabaki juu, na anayepokea anabaki chini. Urafiki unaanza pale na wewe unapokubali kuhitaji kitu kutoka kwa mwenzako. Na hapa Mafia, kiukweli, sisi ndio wageni. Wenye nyumba ni wao. Basi tuanze kwa kuwa wageni wazuri.

CHUMVI YA ARISTOTLE NA CHUMVI YETU

Nilipokuwa nasoma falsafa tulimsoma Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo. Anafundisha kwamba kuna urafiki wa faida, kuna urafiki wa raha, na kuna urafiki wa watu wanaotakiana mema kwa ajili ya mtu mwenyewe. Ule wa faida ni kama unavyomsogelea mtu kwa sababu daftari lake la kemia limekamilika. Mtihani ukiisha, na urafiki umeisha. Ule wa raha ni wa mpira na vichekesho. Ule wa tatu unachukua muda. Na hapo anakumbusha methali ya watu wa kwao: watu hawawezi kujuana mpaka wamekula chumvi pamoja.

Sisi Waswahili tukisema mtu amekula chumvi nyingi tunamaanisha ameishi miaka mingi. Ukiunganisha na Aristotle inakuja maana nzuri: mpe mwenzako miaka, mpe na sahani. Huwezi kumjua kwa salamu za mstarini. Na Yesu aliyetuita chumvi ya dunia (Mt 5:13) alijua kwamba chumvi ikibaki kwenye kopo lake haikolezi kitu.

WALIOTUTANGULIA

Kuna mtakatifu anayefaa sana kwa somo hili, Charles de Foucauld. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1858, akaipoteza imani akiwa kijana, akawa askari. Mwaka 1883 hadi 1884 alisafiri Moroko, na kule akaguswa na Waislamu alivyowaona wanasali. Akaanza kujiuliza juu ya Mungu. Mwaka 1886 akarudi katika Kanisa Katoliki, na baadaye akawa padre. Yaani, sala ya Waislamu ilikuwa mojawapo ya njia alizotumia Mungu kumrudisha.

Mwaka 1905 alihamia Tamanrasset, jangwani Algeria, akaishi kati ya Watuareg. Akajifunza lugha yao mpaka akaandika kamusi yake. Alikwenda awe mtu wa kuwasaidia. Lakini Januari 1908 aliugua vibaya, na ulikuwa wakati wa ukame. Majirani zake, Waislamu maskini, wakazunguka kutafuta maziwa ya mbuzi wachache waliobaki, wakamnywesha mpaka akapona. Yule aliyekwenda kuwa msaidizi akajikuta amelala, analishwa. Aliuawa tarehe 1 Desemba 1916, na Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Na hapa nyumbani tunaye Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere. Miaka ya mwanzo ya hamsini alikuwa mwalimu Mkatoliki wa kutoka Butiama, akifundisha St. Francis, Pugu. Aliingia siasa za Dar es Salaam akiwa mgeni. Waliompokea mjini ni watu kama Abdulwahid Sykes, Mwislamu, mwenyeji wa mji, aliyemfungulia nyumba yake na kumjulisha kwa wenzake. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Mwalimu alipoacha kazi ya ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, alikuwa tayari ana watu wa kumshika mkono. Bibi Titi Mohamed akawahamasisha akina mama. Mkatoliki yule aliyepokelewa hakuacha kusali. Aliendelea kwenda Misa mpaka uzee wake. Uhuru wetu una deni kwa nyumba za watu waliokubali kupokea mgeni, na kwa mgeni aliyekubali kupokelewa.

MASWALI AMBAYO VIJANA HUULIZA

"Frateri, nikienda kufuturu kwao, si nimeshiriki dini nyingine?"
Hapana. Futari ni chakula. Kukaa mkekani na kula muhogo na samaki na familia ya rafiki yako ni ujirani. Si lazima ujifanye umefunga, wala hutakiwi kufuata ibada yao. Wao wakienda kuswali, wewe subiri kwa utulivu. Kabla ya kula, fanya ishara ya msalaba kama unavyofanya kwenu, bila maonyesho na bila aibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, unatufundisha kuwaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja, na kuwahimiza wote waache ugomvi wa zamani na kutafuta kuelewana. Kwa hiyo hujavunja kitu.

"Je, wakinivuta nibadili dini?"
Imani isiyojulikana na mwenyewe ndiyo inayovutwa kirahisi. Usiporidhika na jibu lako juu ya Utatu Mtakatifu, usikimbie rafiki. Kimbilia kwa katekista au kwa padre ukaulize. Mwenzako akikuuliza swali, Mtume Petro anatuagiza tuwe tayari kueleza tumaini letu, lakini kwa upole na heshima (1 Pet 3:15-16). Usigeuze urafiki kuwa mhadhara wa kushindana maandiko. Ubishi wa Mbagala ulianza hivyohivyo. Na kama hujui jibu, sema: hilo nitakuuliziia. Mtu hapungukiwi kitu.

"Na kama wao ndio hawanitaki?"
Inawezekana. Huenda mtu wa bara aliyetangulia kabla yako aliwadharau, na wewe unalipa deni lake. Usikate tamaa kwa mlango mmoja. Salimia kesho tena. Usilazimishe.

"Wazazi wangu wakikataa?"
Usiende kwa siri. Mlete rafiki yako kwenu kwanza, wamwone. Ukienda kwao, waambie wazazi unakwenda nyumba ya nani na utarudi saa ngapi. Na kama rafiki ni wa jinsia nyingine, heshimu desturi za hapa: nendeni kundi, wazazi wakiwepo, ukiwa umevaa vya heshima. Heshima yako kwa mila zao inasema mengi kuliko maneno.

MAZOEZI YA MWEZI HUU

1. Jina na nyumbani. Chagua mwenzako mmoja tu asiye wa dini yako au wa mkoa wako. Jua jina lake kamili, kijiji chake, nani anamlea. Mwezi mmoja, mtu mmoja. Usianze na darasa zima.

2. Omba kitu. Umeona Yesu alivyoanza. Mwombe akufundishe jambo analolijua: kupiga kasia, kusuka ukili, kupika pweza, au akueleweshe shairi la kwenye fasihi, maana Kiswahili cha pwani kina utamu wake. Ukiwa mzuri wa hesabu msaidie, sawa, lakini usiishie kwenye kusaidia.

3. Changanya kundi la kujisomea. Kama mko watano na wote mnakwenda kanisa moja, ongezeni wawili wasio wa kwenu.

4. Nenda kwenye msiba. Akifiwa, usitume ujumbe tu. Nenda ukakae nao. Pwani mazishi hayacheleweshwi, kwa hiyo ukipata habari nenda mapema. Hutakuwa na maneno mengi ya kusema, na hayahitajiki.

5. Andaa Noeli ambayo rafiki yako anaweza kula. Tafuta jirani Mwislamu achinje kuku, na nguruwe asikaribie sufuria. Familia nyingi za Tanzania zimefanya hivyo miaka yote. Sherehe iliyoandaliwa hivyo inamwambia mgeni kwamba ulimkumbuka tangu asubuhi.

6. Kataa kicheko. Wenzako wakianza "hawa watu wa pwani", au kwao wakianza "hawa wa bara", usichangie. Sema kwa upole: mimi ninayemjua hayuko hivyo. Lakini ili uweze kusema hivyo, lazima kweli uwe unamjua mmoja.

Kumbukeni chumba kile cha Kua. Wageni waliingia kwa kuamini, na uaminifu wao ukazibiwa mlango. Wewe ukiitwa nyumbani kwa mtu, ukala, ukashukuru, ukatoka na mama wa rafiki yako anakuambia karibu tena mwanangu, kuna jiwe moja umeliondoa kwenye mlango ule. Mtu mmoja hawezi kuyaondoa yote. Lakini darasa zima la kidato cha pili, kila mmoja jiwe lake, mnafika mbali.

MASWALI YA KUTAFAKARI (peke yako au kwenye jumuiya ya vijana)

Je, kuna mwenzangu wa darasani ambaye ninamjua kwa dini yake au kabila lake tu?
Mara ya mwisho kupokea msaada kwa mtu asiye wa imani yangu ilikuwa lini? Nilishukuruje?
Nyumbani kwetu tunawazungumziaje watu wa hapa tunapokuwa peke yetu?

TUSALI

Ee Bwana Yesu, ulikaa kisimani ukiwa na kiu, ukaomba maji kwa mwanamke ambaye wenzako hawakumsalimia. Tuondolee kiburi cha kutaka kutoa tu. Utupe unyenyekevu wa kupokea. Wabariki wanafunzi wenzetu, wazazi wao walioko baharini na shambani, na nyumba zote zitakazotufungulia mlango. Utufanye wageni wanaoaminika, na utufanye wenyeji ambao hakuna anayeogopa mwaliko wetu. Mtakatifu Charles de Foucauld, utuombee. Amina.

Wiki njema, vijana. Ukishapata jina la mtu wako wa mwezi huu, liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako la sala, na umwombee kila usiku kabla hujalala.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri